Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji Asingoje Kuitwa Shule

Katika desturi zetu za shule, mzazi akiambiwa kwamba anaitwa shule hujua pale pale kuwa hakuna kheri huko: ama mtoto amepigana, ama amevunja kioo cha dirisha, ama ametoroka, ama mchango wa chakula umechelewa. Ni nadra mno kusikia kwamba mwalimu ametuma ujumbe nyumbani kusema kuwa leo mtoto ametulia, ameandika herufi tano kwa mkono wake, na kwa hiyo mzazi aje wafurahi pamoja. Desturi hii haiwadhuru sana watoto walio wengi, kwani mambo yao hujieleza yenyewe. Lakini humdhuru vibaya mtoto mwenye usonji, ambaye mambo yake hayajielezi, na ambaye mtu awezaye kumweleza sawasawa ni yule aliyemlea tangu uchanga. Mzazi wa mtoto huyo akikaa nyumbani kungoja aitwe, ataitwa bila shaka; ila ataitwa siku ambayo mwalimu amekwisha kukata shauri moyoni mwake kwamba mtoto huyu ni mkaidi, au ni mjinga, au hakufunzwa adabu, na kulibatilisha shauri lililokwisha kukatwa ni kazi ngumu kuliko kulitangulia.

Nayasema haya nikiutazama mji wa Tunduma, mlango wa Tanzania upande wa Zambia, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta una watu zaidi ya laki 2, na ambao tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 umeendelea kuwa ndio mji wake mkubwa, ijapokuwa makao makuu ya mkoa yako Vwawa. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapokomea upande wetu, na malori yenye shehena za Lusaka, Ndola na Lubumbashi hupanga foleni usiku na mchana. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimeipunguza foleni, lakini honi hazikupungua. Ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Katika darasa moja la kwanza waweza kumkuta Mnyamwanga ambaye shangazi zake wako Nakonde ng'ambo ya mpaka, Mnyiha kutoka Mbozi, Mndali kutoka Ileje, Mkinga ambaye baba yake ana duka, na mwingine ambaye mama yake husema naye Kibemba. Basi mwalimu akimwona mtoto kakaa kimya mwezi mzima, hajibu wala hachezi na wenzake, dhana ya kwanza impitiayo, nayo si dhana ya kipumbavu hata kidogo, ni kwamba Kiswahili bado hakijamkaa mtoto huyu, na apewe muda. Muda unapewa. Nusu ya mwaka hupita hivyo, na kumbe mtoto yule hana lugha hata moja ya kujibizana nayo na mtu, shuleni wala nyumbani kwao, na mama yake alilijua hilo siku zote, ila hakuna aliyemwuliza, naye hakusema.

Usonji si maradhi ya kuambukizana, wala haukuzaliwa na malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua, na dalili zake aghalabu hudhihirika kabla mtoto hajatimiza miaka 3: maneno kuchelewa, au kuja na kupotea, mtoto kuitwa jina lake asigeuke, kushikilia mchezo mmoja, kama kupanga vizibo vya soda mstari mrefu siku nzima, kukerwa na sauti, mwanga, au nguo fulani ambayo mwingine hata haihisi. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, ila juu ya jambo moja tu. Shirika la Afya Duniani lilitumia kwa miaka kadhaa makisio ya mtoto 1 katika kila watoto 100 hivi, huku likikiri kwamba nchi nyingi zenye kipato kidogo hazina hesabu yao. Na tuyakate makisio hayo nusu kwa ajili ya hadhari: bado shule yenye wanafunzi 2,000, ambayo katika mji kama Tunduma si ajabu, ingekuwa na watoto 10 wa namna hiyo. Mwulize mwalimu mkuu wa shule yoyote ya huku kwamba anao wangapi, na aghalabu atakujibu kwamba hana. Pengine ataongeza kuwa wapo wawili watatu watukutu.

Wala si walimu peke yao waliopitiwa. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha habari za safari yake katika miji ya nchi sita za Afrika, Kenya na Zambia zikiwamo, ambamo aliwatafuta watoto hawa katika vituo vya kulelea wenye ulemavu, akawapata wachache sana. Vituo vyenyewe vilikuwa haba. Na mtoto ambaye hakupelekwa kituoni asingeweza kuonekana huko. Walio wengi walikuwa nyumbani, chini ya macho ya mama zao na bibi zao.

Kuna sababu nyingine ya kupitiwa, ambayo vitabu vya ng'ambo haviitaji kwa kuwa haiko kwao. Karatasi za maswali zitumiwazo huko kumpima mtoto aghalabu huuliza kama mtoto humtazama mtu machoni. Ilhali katika malezi yetu, na hususa huku Nyanda za Juu Kusini, mtoto amkaziaye macho mtu mzima ndiye anayekaripiwa, na yule anayeinamisha uso ndiye anayesifiwa kwa heshima yake. Huuliza pia kama mtoto huzungumza na wakubwa kwa uchangamfu. Na sisi twapenda mtoto anyamaze wakubwa wasemapo. Kwa hiyo dalili ambazo London zingewashtua watu mapema, Tunduma hupita zikiwa zimevaa joho la adabu njema. Kinachotushtua sisi ni kingine: kwamba mtoto haamkii. Mgeni aingia, watoto wote wasema shikamoo, na huyu aendelea kuzungusha kifuniko cha sufuria. Na pale pale mama yake huhukumiwa kuwa hakufunza. Mzazi anayekwenda kuonana na mwalimu aanze na jambo hili la maamkizi, maana ndilo la kwanza litakalomponza mtoto: mwalimu aingia darasani, watoto 90 wasimama na kuamkia, mmoja amekaa anatazama feni ambayo haizunguki.

La pili litakalomponza ni majibu yake. Mwalimu akimwuliza, "Jina lako nani?" naye akajibu, "Jina lako nani?" kwa sauti ile ile na mkato ule ule wa mwalimu, darasa zima litaangua kicheko, na mwalimu, ambaye naye ni mja mwenye hasira zake, atadhani anaigizwa. Mtoto haigizi. Kuna watoto wenye usonji ambao kurudia neno walilosikia ndiyo njia yao ya kulishika, na ndiyo alama kwamba wamesikia. Vivyo hivyo wapo wanaoshika maneno kwa maana yake ya juu tu: mwalimu wa zamu akisema, "Sitaki kuona mtu amefungua mdomo hapa," mtoto aweza kukaa na kikombe chake cha uji mkononi mpaka uji ukapoa, asinywe, kwa kuwa kunywa ni kufungua mdomo. Mama ambaye ameyaona haya nyumbani mara elfu angeweza kumwonya mwalimu kwa sentensi mbili.

Mintarafu ya maonyo ya namna hiyo, inafaa ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya elimu ya usonji ilianzia katika barua ya mzazi. Mwaka 1938 mwanasheria mmoja wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, alimwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore barua iliyopigwa chapa, kurasa 33, akieleza habari za mwanawe Donald Triplett aliyezaliwa mwaka 1933: anakula nini, analala vipi, anazungusha vitu gani, anasema maneno gani na lini. Kanner alikuwa bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto, lakini hakuwa amepata kumwona mtoto wa namna hiyo; na alipochapisha mwaka 1943 makala yake juu ya watoto 11, ambayo ndiyo iliyoufanya ulimwengu wa tabibu uutambue usonji, mtoto wa kwanza katika orodha alikuwa Donald, na sehemu kubwa ya habari zake ilitoka katika barua ya baba yake. Daktari alijua kuuliza, na mzazi alijua la kujibu. Wala haikuhitajika zaidi ya hapo ili jambo kubwa lianze.

Kisa cha Donald kina mkia ambao mkulima yeyote wa Mbozi atauelewa bila kufasiriwa. Wazazi wake walimpeleka akakae na mke na mume waliokuwa na shamba, watu wasio na watoto na wasio na elimu ya juu, nao wakaona kwamba kijana ana ashiki ya kuhesabu na kupima. Hawakumkataza. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena, wakampa farasi na plau ili aihesabu huku akiilima. Na alipotaka kupima kila kitu, wakamchimbisha kisima awaambie kina chake. Kanner alipokwenda kumtazama mwaka 1945 alimkuta akilima mistari mirefu barabara, na akamkuta akisoma katika shule ya shamba ambayo mwalimu wake alimpokea jinsi alivyo. Donald alimaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mjini kwao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Sidai kwamba kila mtoto mwenye usonji atakuwa hivyo. Wengi watahitaji msaada maisha yao yote, na baba yake alikuwa mtu mwenye nafasi. Lakini waliomfaa zaidi hawakuwa mabingwa. Walikuwa mkulima na mwalimu wa kijijini, watu ambao Songwe imejaa.

Hatuhitaji kurasa 33. Ukurasa mmoja wa daftari watosha, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, na mzazi asiyejua kuandika na amwombe kijana wa jirani amwandikie. Kwa sababu maneno ya mdomo humfikia mwalimu mmoja tu, naye mwalimu huhamishwa, tena pengine katikati ya mwaka, na huyo ajaye hurithi darasa pasipo kurithi maelezo. Ukurasa huo usianze na jina la hali, wala historia ya mimba, wala hospitali zote zilizopitiwa. Uanze na kile ambacho kikitokea kesho saa nne asubuhi mwalimu atahitaji kukijua.

Na kwa Tunduma kitu cha kwanza ni kutoroka. Watoto wengi wenye usonji huondoka ghafula bila kuaga, wakifuata kitu kilichowavuta au wakikimbia kilichowakera, na hawana habari ya hatari. Na hapa kinachovuta ni malori, kwa kuwa kwa mtoto apendaye vitu vinavyozunguka hakuna tamasha kubwa kuliko matairi 22 yakipita mfululizo. Shule iliyo karibu na barabara kuu, ambayo pengine haina uzio, ni mahali ambapo dakika 5 za kutoangalia zaweza kuleta msiba. Mzazi aandike waziwazi: mwanangu hukimbia, aghalabu hukimbilia barabarani, akitoweka mtafuteni kwanza mahali fulani, hatageuka mkimwita jina, ila mtu amfuate na kumshika mkono taratibu. Chini yake iandikwe namba ya simu ya baba, ya mama, na ya jirani ambaye yupo mtaani mchana. Kisha mzazi amwombe mwalimu mtoto akae dawati lililo mbali na mlango, karibu na ukuta, na mwenzake mmoja mtulivu apewe amana ya kuwa naye wakati wa mapumziko. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji bajeti ya halmashauri.

Cha pili ni sauti. Kengele ya shule zetu nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, na mtoto mwingine akiisikia kwa karibu huziba masikio, hulia, hujigonga kichwa, na kilio chake chaweza kudumu mpaka kipindi kiishe. Huo si ubishi wala deko; hata ukimpa pipi hatanyamaza. Mama anayejua kwamba mwanawe hutulia akifunikwa kanga kichwani, au akipewa kokoto za kupanga, au akiachwa peke yake chini ya mti kwa robo saa, aliandike hilo, kwa kuwa mwalimu asipolijua atajaribu dawa anayoijua yeye.

Na dawa hiyo, tusifichane, ni fimbo. Kanuni za nchi za mwaka 2002 zilizohusu adhabu ya viboko shuleni zimempa idhini mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, tena visizidi viboko 4, na viandikwe katika kitabu. Mwalimu wa darasa anayejichapia tu kila asubuhi hana idhini hiyo. Mzazi ana haki ya kulijua hili na kulisema. Lakini akilisema kwa kelele mlangoni, mbele ya watoto, atashinda hoja na kumpoteza mwalimu. Ilhali akiandika kwa staha katika ule ukurasa wake, kwamba mwanangu akichapwa haelewi amechapwa kwa nini, na atakalojifunza ni kuiogopa shule tu, na kwamba naomba lolote likitokea nipigiwe simu kwanza, mwalimu mwenye insafu ataelewa, na asiye na insafu atajua kwamba mzazi huyu anafuatilia. Fimbo kwa mtoto mwenye usonji ni dhuluma, wala sioni njia ya kuipamba.

Namna ya kumwendea mwalimu nayo ina adabu yake. Asiendewe saa ya mstarini, wala saa ya kutoka ambapo ana watoto 90 wa kuwaruhusu na mabunda ya daftari za kusahihisha. Mara nyingi mwalimu wa darasa la kwanza ni binti mdogo aliyeajiriwa juzi, amepangiwa Tunduma akitokea mbali, na mama atakapofika mlangoni ni huyo mwalimu atakayesema, "Shikamoo, mama." Aitikie, "Marahaba, mwalimu, pole na kazi," kisha aseme shida yake kwa ufupi na kuomba saa: "Nina jambo la mwanangu la nusu saa hivi, nije lini usiwe na haraka?" Akipewa siku, aende siku hiyo, asibebe zawadi, maana zawadi ya kwanza humfanya mwalimu ajione amenunuliwa au anadaiwa. Abebe ule ukurasa, na aulize kabla hajaeleza: mwalimu, wewe umemwonaje? Huenda akasikia asiyoyajua. Wapo watoto ambao nyumbani hawashiki kalamu kabisa, lakini shuleni huchora magari mpaka karatasi ikaisha.

Mwalimu naye ana upande wake, na si haki tuupite. Kiwango cha serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ilileta darasani maelfu ya watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, jambo la kheri kabisa, ila madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu yule yule anadaiwa matokeo ya upimaji wa darasa la pili, kila mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, na jina la shule yake litatajwa kikaoni. Wachache sana kati yao wamesomea elimu maalumu; chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo, Patandi, kiko Arusha, upande mwingine wa nchi. Mzazi akimwendea mwalimu huyu kama mdai, atapata majibu ya mdaiwa. Akimwendea akisema, mwalimu, mimi mwenyewe nilichukua miaka kumfahamu, na hivi ndivyo nilivyofahamu, atakuwa amempunguzia kazi.

Baada ya hapo lifunguliwe daftari dogo la kwenda na kurudi katika mfuko wa mtoto. Hili ni jambo la kale katika shule za elimu maalumu popote duniani. Mwalimu hatakiwi kuandika insha, maneno manne yatosha: "Amekula. Amelia kengele ikipigwa." Mama naye asubuhi aandike: "Usiku hakulala, ana usingizi." Baada ya mwezi mmoja mtu yeyote akilifungua ataona mambo ambayo hakuna aliyeyaona kwa siku moja moja: kwamba vilio vyote ni vya Jumatatu, siku ya mstari mrefu, au kwamba anapokosa usingizi hutoroka. Na siku familia itakapopata nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, daftari hilo litamfaa daktari kuliko simulizi la mama aliyechoka na safari. Ujumbe wa simu nao wafaa, hasa kwa baba. Akina baba wengi wa Tunduma ni madereva na mautingo, leo yuko Kapiri Mposhi, wiki ijayo yuko Lubumbashi, nao huyasikia mambo ya mtoto kwa masikio ya pili na kusema kwamba mama anamdekeza. Mwalimu akimtumia baba kwa sauti yake mwenyewe habari moja kwa wiki, ubishi mwingi wa nyumbani utapoa.

Haya yote hayataanza ikiwa mama anaona haya. Kuna wanaoambiwa kwamba mtoto amelogwa, au ni laana ya ukoo, au mama alikiuka mwiko akiwa mjamzito, na huwafungia watoto ndani ili wasisemwe. Watu wa ng'ambo nao hawakuwa bora kuliko sisi. Kwa miaka mingi mabingwa wao, na Bruno Bettelheim akiwa mashuhuri kati yao, waliandika kwamba usonji huletwa na ubaridi wa moyo wa mama, mpaka wazazi wenyewe wakasimama kukanusha. Mmoja wao, Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliivunja nadharia hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1964. Na karibu na kwetu wapo waliowatoa watoto hawa hadharani: jirani zetu wa Nairobi, mwaka 2003, mwaka ule ule Chama cha Usonji cha Kenya kilipoasisiwa, walianza kitengo cha watoto hawa ndani ya shule ya kawaida ya serikali, City Primary. Dar es Salaam nayo ina kitengo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto. Lakini kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na hakuna mama muuza mchele atakayempeleka mtoto shule huko kila asubuhi.

Kwa hiyo lililo juu ya halmashauri lisisahauliwe kwa kuwa wazazi wanajitahidi. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imempa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na si kwa hisani ya mtu. Halmashauri ina afisa anayesimamia elimu maalumu, na wazazi wana wajumbe wao katika kamati ya shule. Mzazi mmoja akiomba uzio ataonekana msumbufu. Wazazi watano wakiandika barua moja kwa kamati, nakala kwa afisa elimu kata, barua hiyo italazimika kujadiliwa na kujibiwa. Na Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini kwa wale tu ambao shule imewasajili hivyo. Mtoto ambaye hali yake haikuandikwa popote hataongezewa hata dakika.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Desemba, na mwezi wa kwanza shule hufunguliwa. Wewe mzazi wa Tunduma, Mlowo, Vwawa, Itumba au Mkwajuni mwenye mtoto wa namna hii, mwandikishe mapema, umwombe mwalimu mkuu akuruhusu uje na mtoto siku moja ya likizo alione darasa likiwa tupu, na umwachie ule ukurasa mmoja kabla kengele ya Januari haijagongwa. Nawe mwalimu, mzazi akikujia na karatasi mkononi, mpe kiti.